Uliza Anti Safari: Guatemala, piramidi msituni na mlima unaokohoa moto

Toleo lililopita niliandika kajisehemu kadogo tu kuhusu Guatemala, robo ukurasa, tena nilikuwa naziba pengo la tangazo lililoondolewa dakika za mwisho, nikasema ndo nchi ya Amerika ya Kati ambayo mtu akiniuliza ningependa kurudi wapi nitaitaja hata hajamaliza swali. Basi. Meseji zilizoingia sijawahi kuona, hata ile makala ya visa za Ulaya haikufikia hapo. Nimechagua saba, nyingine zilikuwa zinajirudia na mbili zilikuwa za posa, asanteni.

Sasa Anti. Mimi na mzee wangu tumesave miaka mitatu, tuko na siku kumi, na tunataka kuona kila kitu ulitaja: Tikal, ziwa, volkano, zile dimbwi za maji ya buluu na ule upande wa Karibiani. Nimeangalia ramani naona ni karibu karibu tu. Tutaweza? (Wanandoa, Nairobi)

Hamtaweza mpenzi wangu, na nasema hivyo manake mimi mwenyewe nilifanya kosa hilohilo. Ukiangalia ramani unaona kanchi kadogo, kilomita za mraba 108,889, hata robo ya Kenya hakafiki, unasema ah hapa wiki moja namaliza nabaki na siku za kulala. Kumbe ramani haikuonyeshi milima. Kilomita 60 za Guatemala zinaweza kula asubuhi yako yote, barabara inapanda inashuka inazunguka, mbele yenu kuna lori la ndizi, nyuma kuna basi la rangi zote za upinde wa mvua linalotaka kupita kwenye kona. Hayo mabasi wenyewe wanayaita camioneta, ni yale mabasi ya njano ya shule za Marekani, yakizeeka huko yanaletwa huku yanapakwa rangi yanawekewa majina na picha za watakatifu, mtu wa Nairobi atajisikia nyumbani kabisa, ni matatu tu hizi zinaongea Kihispania.

Mimi nilikata tiketi ya hiace ya watalii kutoka Antigua, mji mkuu wa zamani, kwenda Lanquín, kule kwenye hizo dimbwi za buluu, wakaniambia masaa nane. Tulitumia kumi na tatu. Kampuni siitaji, na dereva wala hakuwa na kosa, kosa lilikuwa la aliyeandika nane kwenye karatasi.

Kwa hiyo siku kumi chagueni pande mbili, basi. Mngekuwa wadogo zangu ningewaambia hivi: siku tatu Petén, huko kaskazini kwenye msitu na Tikal, mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa asili wa huko, halafu zilizobaki nyanda za juu, Antigua na ziwa Atitlán, na siku moja muiache tupu kabisa kama akiba. Hiyo akiba msiiguse. Guatemala watu wakikasirika wanafunga barabara, Oktoba 2023 walifunga karibu nchi nzima kwa wiki kadhaa kwa ajili ya mambo ya uchaguzi, na hata bila uchaguzi huwa kuna daraja fulani limefungwa na wakulima wa mahali fulani.

Kutoka Guatemala City kwenda Flores kuna ndege ya saa moja hivi, na kuna basi la usiku la masaa nane hadi kumi. Kama hela ipo pandeni ndege angalau kwenda. Flores ni kisiwa kadogo ndani ya ziwa Petén Itzá, kimeunganishwa na nchi kavu kwa barabara, unakizunguka kwa miguu hata chai haijapoa, na kutoka hapo mpaka Tikal ni kilomita 65 hivi.

Sasa Tikal. Hapa niacheni kidogo niongee.

Ni hifadhi ya taifa tangu 1955, kilomita za mraba 576 za msitu mnene, na 1979 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia kwa sababu zote mbili, ya mji wa kale na ya msitu wenyewe, jambo ambalo sio kawaida. Ukishapita geti unatembea kwenye njia ya vumbi chini ya miti mikubwa dakika ishirini hivi, huoni kitu zaidi ya miti, unaanza kujiuliza kama umepotea, halafu miti inafunguka na mbele yako kuna ukuta wa mawe unaopanda juu kwa ngazi mpaka shingo inauma. Hilo ni Hekalu la Kwanza, mita 47, ndani yake alizikwa mfalme Jasaw Chan K'awiil aliyetawala kuanzia 682. Hilo halipandwi siku hizi, lakini la Pili linalotazamana nalo na la Nne lenye mita 65 hivi yana ngazi za mbao pembeni. Pandeni la Nne. Juu pale unakaa kwenye jiwe, chini yako msitu umetandazwa kama bahari mpaka mwisho wa macho, na vichwa vya mahekalu vimetokeza juu ya majani utadhani vyombo vimetia nanga.

Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Wanaotaka kuona jua likichomoza wanakata tiketi ya ziada na kuingia gizani na mwongoza watalii, ila nawaonya mapema, asubuhi nyingi ni ukungu mtupu, jua hamlioni kabisa, mnaona tu weupe wa ukungu umekuwa mweupe zaidi. Msihesabu hasara. Mnaenda kwa ajili ya masikio. Kuna tumbili weusi pale wananguruma, sio kulia, wananguruma, mara ya kwanza niliposikia nilimshika mkono mtu nisiyemjua nikijua ni chui. Halafu ndege wanaanza, halafu wale tukani wenye midomo mikubwa kama hondohondo wetu. Na msishangae mkiona ujia mnagawana na kundi la wanyama wenye mikia juu na pua ndefu, wanafanana na nguchiro aliyekula vizuri, wanaitwa pizote, msiwape biskuti hata wakiwaomba kwa macho.

Kitu kimoja kitawagusa. Njiani kuna mti mkubwa sana wanausimamisha kila mtalii na kumwambia ni ceiba, mti mtakatifu wa Wamaya na mti wa taifa, mizizi yake inashika kuzimu na matawi yake yanashika mbingu. Mimi nikautazama nikasema huu si msufi jamani? Ni msufi. Uleule bibi zetu wanaokota sufi wanajaza mito.

Mwanangu Safari, mimi nimefundisha historia miaka thelathini na sita. Tuliwaambia watoto kwamba Wamaya "walitoweka". Je ni kweli? Na kama hapakuwa na mto pale Tikal kama nilivyosoma, mji mkubwa vile ulikunywa maji gani? (Mwalimu mstaafu, Tanga)

Shikamoo mwalimu. Maswali yako yamenifanya nirudi kwenye daftari.

Hawajatoweka. Waguatemala wengi ni Wamaya, wanazungumza lugha za Kimaya 22, na ukikaa sokoni Chichicastenango siku ya Alhamisi au Jumapili utasikia Kihispania kinatumika kukuuzia wewe tu, wao kwa wao wanaongea K'iche'. Kilichokufa ni ile miji ya wafalme ya nyanda za chini. Kwenye karne ya 9 ukame, vita na mivutano ya wakubwa viliandamana, na nguzo ya mwisho ya jiwe yenye tarehe na sifa za mfalme pale Tikal ni ya mwaka 869, baada ya hapo hakuna mfalme aliyejisifu tena. Watu wakasogea, msitu ukarudi. Lakini utawala wao uliendelea kwingine, na hapa mwalimu naomba ukae kitako: ufalme wa mwisho huru wa Wamaya, Nojpetén, ulianguka kwa Wahispania mwaka 1697. Mwaka huohuo Wareno wamezingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus pale Mombasa. Yaani sio habari za kale za kufikirika, ni juzi tu. Na Nojpetén ilikuwa wapi? Ni kilekile kisiwa cha Flores ambacho watalii wanakunywa juisi, wamelala juu ya mji mkuu uliobomolewa na hata hawajui.

Maji sasa. Ni kweli Tikal haina mto. Walichofanya ni kuufanya mji wenyewe uwe paa: viwanja walivisakafu kwa chokaa na kuvilaza kwa mteremko, mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia kwenye mabwawa waliyoyachimba na kuyazibia chini. Na 2020 watafiti walitoa taarifa kwamba kwenye bwawa moja linaloitwa Corriental wamekuta mchanga wa kwatzi na madini ya zeolaiti, ambayo kazi yake ni kuchuja maji, na hayo madini hayapatikani pale, waliyabeba kutoka mbali. Chujio! Watu wasiokuwa na chuma wala punda, kila jiwe limebebwa na mgongo wa mtu.

Tena ukubwa wenyewe ulikuwa haujulikani. 2018 walitangaza matokeo ya kupima msitu wa Petén kwa miale ya leza kutoka kwenye ndege, ile inayopenya majani na kuchora ardhi ilivyo, kwenye eneo la kilomita za mraba 2,100 hivi wakapata majengo zaidi ya 60,000, nyumba, ngome, mabarabara yaliyoinuliwa, mashamba ya ngazi. Mimi nilipita juu ya baadhi yake nikidhani ni vilima.

Na kama utapata nafasi ya kwenda mahali pamoja tu pasipo na makundi ya watalii, nenda Quiriguá. Iko katikati ya mashamba ya ndizi, joto la kukaanga yai, na hakuna piramidi kubwa, kuna nguzo za mawe zilizochongwa sura za wafalme zimesimama kwenye uwanja wa majani. Kubwa yao ina urefu wa mita 10 na ushee na uzito unaokadiriwa tani 60 au zaidi, jiwe moja. Hawa Quiriguá walikuwa chini ya mji wa Copán, ambao leo uko Honduras, wakilipa heshima, mpaka mwaka 738 bwana wao K'ak' Tiliw akamkamata mfalme wa Copán na kumkata kichwa. Baada ya hapo ndo akaanza kujisimamishia mawe, moja refu kuliko jingine, unaona kabisa huyu mtu anamwonyesha jirani. Imeingia urithi wa dunia 1981, mwaka mmoja na Kilwa yetu.

Jambo Anti, miye ni mpiga picha wa Goma, huku tunalala na Nyiragongo juu ya kichwa. Volkano ya Guatemala inanifaa nini mimi? Ni tofauti gani? (Goma)

Jambo kaka, swali la haki. Tofauti ni kwamba huko kwenu ulikuwa unapanda mlima wenyewe na kuchungulia chungu, huku unapanda mlima wa jirani na kumtazama mwenzie akikohoa. Acatenango, mita 3,976, imelala. Fuego, mita 3,763, imeshikana nayo bega kwa bega na haijalala. Unapanda Acatenango siku ya kwanza masaa matano sita, unalala kambini kwenye mita 3,600 hivi, sawasawa na kulala karibu na Horombo kule Kilimanjaro, na usiku mzima unakaa mlangoni mwa hema na blanketi. Dakika zinapita kimya, halafu mlima wa mbele unatoa mlio kama lori kumwaga kokoto, mawe mekundu yanaruka juu na kumwagika ubavuni. Kifua kinatetemeka kabla masikio hayajasikia. Picha za sekunde kumi na tano ishirini, tripodi uifunge kwa jiwe upepo ule hauna adabu.

Ila kuna vipindi Fuego inanyamaza siku au wiki kadhaa, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Baridi inakaribia sifuri, majaketi yanakodishwa vijijini chini, na usiende bila mwongozaji, ukungu ukishuka njia haionekani. Kuna wanaokupeleka mpaka kwenye mgongo wa Fuego wenyewe usiku. Mimi sikwenda na sikushauri. Wewe wa Goma unaogopa lava inayokimbia kama uji, mliiona tarehe 22 Mei 2021. Fuego inaua kwa namna nyingine, mawingu ya majivu na gesi ya moto yanayoshuka mabondeni kwa kasi kuliko mwendo wa gari. Tarehe 3 Juni 2018 yalifunika kijiji cha San Miguel Los Lotes mchana kweupe, watu wakafa kwa mamia, wengine hawajapatikana mpaka leo. Wapandishaji wengi wanatoka vijiji vya kuzunguka hapohapo, na kwenye moto usiku kama wakitaka kuongea wataongea, wasipotaka usichokonoe.

Kama magoti hayataki, Pacaya ya mita 2,552 ni nusu siku tu.

Assalam alaykum Bi Safari. Nipo Maskati, na kahawa yetu haitiliwi mdomoni bila iliki. Mwenye duka kaniambia iliki hii yatoka Guatemala, nikamwambia waongo nyie, iliki yatoka India na Zanzibar. Nani mkweli? (Maskati)

Waalaykum salaam. Mwenye duka mkweli, kamuombe radhi. Guatemala ndio wauzaji wakubwa wa iliki duniani, mzigo mwingi unakwenda nchi za Kiarabu, na raha yake ni kwamba wenyewe hawaili. Mmea waliletewa kutoka Asia zaidi ya miaka mia iliyopita ukakubali milima ya Alta Verapaz, kule Cobán, kwenye ubaridi na manyunyu yasiyokoma. Niliomba iliki kwenye chai hotelini nikatazamwa kama nimeomba mafuta ya taa, na nyuma ya hoteli kuna gunia zake zimepangwa mpaka dari. Wanaochuma wengi ni Wamaya wa Q'eqchi'.

Na huko ndiko utakakokwenda ukifunga safari, kwa sababu barabara ya iliki ndio barabara ya Semuc Champey. Jina lenyewe ni la Q'eqchi', maana yake ni kama pale mto unapojificha chini ya mawe, na ndivyo ilivyo. Mto Cahabón unakuja kwa hasira zote, unafika kwenye daraja la mawe ya chokaa lililojijenga lenyewe, urefu wa mita 300 hivi, unaingia chini yake kwa ngurumo ya kutisha na kutokea upande wa pili. Juu ya hilo daraja sasa, maji ya chemchemi za mlimani yametuama kwenye vidimbwi vilivyopangana kama ngazi, kijani huku buluu kule, kimya kabisa. Unaogelea huku unajua chini yako mita chache kuna mto mzima unapita gizani.

Kutoka Lanquín ni kilomita 11 za pikapu, mmesimama nyuma mmeshika vyuma. Kwanza panda jukwaa la kutazamia, nusu saa ya ngazi za mateso, ndipo ushuke ukaoge, ukianza na kuoga hutapanda tena. Nenda kiangazi, Novemba mpaka Aprili, mvua kubwa ikinyesha yale maji yanageuka chai ya maziwa.

Njiani kabla ya Cobán kuna hifadhi ndogo ya ndege kwetzali, yule wa kijani mwenye mkia mrefu kuliko mwili, ndiye aliyewapa hela yao jina. Wamaya wa zamani walimkamata wakachomoa manyoya ya mkia kwa ajili ya wafalme kisha wakamwachia, hawakumuua. Mimi nilikaa pale kuanzia alfajiri na darubini, nikaona kitu cha kijani kikipita. Kinaweza kuwa jani.

Anti visa ikoje, na nipite wapi? (Kijana, Dodoma)

Visa inategemea pasi yako na mihuri iliyomo, na masharti yanabadilika, kwa hiyo waulize ubalozi wao kwa maandishi na hilo jibu ulipirinti. Ninayoyajua ni haya. Ukipewa kuingia Guatemala, siku zako 90 zinahesabiwa pamoja na El Salvador, Honduras na Nikaragua, ukivuka mpaka kwenda kuona Copán saa haianzi upya. Ukipitia Marekani, hata kama ni kubadilisha ndege tu bila kutoka nje, lazima uwe na visa yao. Kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Madrid, ila wenye pasi ya Kongo wanahitaji visa ya kupitia uwanjani kwenye nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia visa moja), wengine pia hakikisheni. Na chunga El Salvador: Oktoba 2023 walianzisha ada kwa abiria wenye pasi za Afrika wanaopitia uwanja wao, ukijumlisha na kodi ni dola 1,130. Uliza kama bado ipo kabla hujaona tiketi ya bei chee ukaruka nayo. Kadi ya homa ya manjano beba, ukitokea huku kwetu unaweza kuidaiwa.

Nimesikia huko kuna watu weusi wanapika kwa nazi kama sisi. Ni kweli au ni stori za mtandaoni? (Mama lishe, Lamu)

Kweli tupu dada, na ndo watu waliofanya nikose ndege yangu ya kurudi (sijutii). Mji unaitwa Livingston, uko mdomoni mwa mto Río Dulce kwenye bahari ya Karibiani, barabara haifiki, unakwenda kwa boti tu. Njia nzuri ni kushuka na mto kutoka mji wa Río Dulce, unaipita ngome ya San Felipe waliyoijenga Wahispania dhidi ya maharamia, halafu mto unabanwa na kuta ndefu za mawe zenye msitu unaoning'inia, halafu harufu inabadilika, chumvi, na moshi wa kukaangia samaki.

Hao ni Wagarifuna. Wazee wao ni Waafrika waliochanganyika na wenyeji wa kisiwa cha St Vincent. Walipigana na Waingereza, wakashindwa, na 1797 wakapakiwa kwenye meli kwa maelfu na kutupwa kisiwa cha Roatán, Honduras, kutoka hapo wakasambaa pwani yote. Wana lugha yao, na 2001 UNESCO ilitangaza lugha, ngoma na muziki wao kuwa urithi wa wanadamu.

Sasa chakula, manake ndicho ulichouliza. Kuna tapado: samaki mzima, kaa, kamba, ndizi, vyote ndani ya tui la nazi. Kuna ndizi za kupika zinatwangwa kwenye kinu mpaka zinakuwa bonge kama ugali, unamega unachovya kwenye mchuzi wa nazi wa samaki. Mama mmoja alinikuta jikoni kwake nakuna nazi bila kufundishwa, akaita majirani waje kuona. Mbuzi yao sio ya kukalia kama yetu, ni bati tu lenye matundu, nikawaeleza yetu ilivyo kwa kuigiza, nimekaa chini nimepanua miguu, wakacheka mpaka machozi. Bichi yenyewe ya Livingston wala sio nzuri, usiende kwa ajili ya bichi, wewe una Shela hapo.

Na kwa wale waliouliza ugali: mahindi yapo kila mlo, lakini wanayachemsha kwanza na chokaa ndipo wanasaga na kuchoma chapati ndogo nene, pamoja na maharage meusi. Siku ya tatu utakuwa umezoea, siku ya sita utaanza kuota sembe.

Watoto wangu wana miaka 7 na 10, tunatokea Minnesota likizo ya Desemba. Hatupandi volkano na hatulali kwenye basi. Tukae wapi tusisumbuke? (Mama wawili, Minneapolis)

Anza Antigua siku mbili tatu. Ulikuwa mji mkuu mpaka tetemeko la 1773 likaubomoa wakahamia ilipo Guatemala City leo, na makanisa mengi waliyaacha hivyohivyo yamepasuka, watoto watakimbia ndani ya magofu yasiyo na paa huku mlima Agua umewasimamia. Desemba ni kiangazi, mchana jua, usiku sweta.

Halafu nendeni Atitlán, masaa matatu kwa gari. Hilo ziwa ni shimo la volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 70,000 iliyopita, kina chake kinapita mita 300, na volkano tatu zimekaa ukingoni zimejitazama kwenye maji. Fikieni Panajachel au San Juan, San Juan kumetulia zaidi na kina mama wa kule watawaonyesha watoto jinsi ya kutia rangi pamba kwa majani na magome. Wape watoto kazi ya sarafu: senti 5 ina mti wa msufi, senti 10 ina jiwe la Quiriguá, na senti 25 ina sura ya mwanamke wa kijiji cha Santiago Atitlán, ng'ambo ya ziwa, kilemba chake kimezungushwa kichwani kama sahani. Wavushe wakatafute anayefanana naye. Kila bibi mwenye kilemba kile watasema ndiye.

Huko huko Santiago kuna sanamu ya mbao, Maximón, imevaa skafu na kofia, watu wanaiwekea sigara mdomoni na kuimiminia pombe, kila mwaka inahamia nyumba ya mtu mwingine. Utaulizwa maswali na wa miaka 7, jiandae.

Vijiji vyote mnafikiana kwa boti, na boti ndio sehemu ninayotaka unisikilize. Asubuhi ziwa ni kioo. Mchana unaanza upepo wao wanauita Xocomil, maji yanachafuka ghafla na zile boti ndogo zinarukaruka kama mkokoteni kwenye matuta, mimi niligonga meno nikamwaga kahawa kwa jirani. Maboya ya kuvaa yadai kabla ya kukaa, sio mkishaondoka. Panda ya saa mbili asubuhi, rudi kabla ya saa sita, mchana wote mlale kwenye bembea.